Shoka Lililotangulia

Gari la mahakama lilikwama kwenye tope juu ya Mgeta, kwa hiyo hakimu Hosiana akashuka mlima kwa miguu, peke yake, ukungu umetanda hadi kwenye matuta ya kabichi. Mbele yake alitembea mwanamume mwenye mzigo wa kuni begani, fito zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, na katikati ya fito shoka limechomekwa, makali yakitazama juu.

Hosiana akatabasamu. Chuoni waliambiwa kwamba hakimu wa Roma ya kale hakutembea hivi hivi tu. Alitanguliwa na watu waliobeba fungu la fito na shoka la namna hiyohiyo, ili kila mpita njia ajue kwamba huyu ana uwezo wa kuchapa na wa kuua.

"Kumbe na mimi leo nina msafara," akajisemea.

Njia ilipobana kati ya jabali na korongo, yule mtu akasimama, akageuka. Hosiana akaitambua sura. Asubuhi hiyo mtu huyu alikuwa benchi la nyuma mahakamani, akimkodolea macho bila kupepesa, wakati Hosiana akimhukumu mdogo wa mtu huyo kifungo cha mwaka mzima.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba."

Yule mtu akajibanza kwenye jabali kumpisha. "Pita, mama. Sasa tangulia wewe."

Hapakuwa na njia nyingine. Hosiana akapita, bega lake likikwaruzwa na fito. Nyuma yake akasikia mzigo ukitua chini taratibu, kisha kamba kavu ya mgomba ikifunguliwa.