Ndoo ya Maji ya Mashine

Siku hizi kila mtu hupewa sindano moja tu ya antibiotiki kwa mwaka, kwa jina lake. Ya mke wangu Skola nilimchoma mwenyewe Jumanne, maana alitetemeka kwa homa hadi meno yakagongana. Kisha nikamuunganisha na mashine ya kusafisha damu, kwani ilikuwa siku yake ya kusafishwa. Maji machafu yakamiminikia kwenye ndoo kama kawaida.

Muuguzi wa kliniki alipopiga simu kumjulia hali aliuliza, "Ulimchoma kabla ya mashine au baada?"

"Kabla. Ningemwacha atetemeke?"

"Baba Atu, mashine huondoa hata dawa kwenye damu. Ilitakiwa baada."

"Basi mpeni yangu."

"Yako ikiingia kwenye damu ya mtu mwingine inajizima."

Simu ilikuwa kwenye spika, Skola akasikia yote pale kitandani. "Kuuguza unajua," akasema. "Kusoma maelekezo ndiko hujawahi tangu unioe." Tukacheka kidogo.

Leo ni Alhamisi na homa haijashuka. Ananiambia nikamwage ile ndoo, inanuka. Namjibu nitaimwaga kesho. Nimeifunika kwa sahani. Dawa yake imo humo.