Rudi Dukani

Mwanamke ambaye Mwinchande, nahodha mstaafu wa timu ya mpira, hakumjua alimbishia hodi.

"Mimi ni mama yake Nizar, beki wenu Mhindi. Mashabiki wenu humwimbia, 'Rudi dukani!' Wewe wanakuheshimu, baba."

"Wakiimba kesho, mama, nitashuka uwanjani nisimame naye."

Kesho yake, timu zikipasha misuli, wimbo ulianza. Mwinchande aliwatazama mashabiki waliomzunguka jukwaani. Hawa ndio waliowahi kumbeba mabegani, na ndio aliotarajia wamzike.

"Kapteni, mbona huimbi?" jirani yake akacheka.

Akashuka ngazi za jukwaa. Wimbo ukakatika, yakafuata mazomeo.

"Msaliti! Nenda kauze sukari!"

Chupa ikampiga begani. Akavuka mstari wa chaki, akamshika Nizar mkono, kisha akageuka kulitazama jukwaa lake.