Ukoko

Siku aliyobatizwa, Nasike alikalishwa kwenye kiti cha mgeni mlangoni kwa mchungaji, akapakuliwa nyama tele. Hakula. Hakuwa na kwao, na kila nyumba ilimkirimu hivyo hivyo, kisha ikamuaga.

Uani, waumini waligombania ukoko ulioganda chini ya sufuria ya wali.

"Mama mchungaji, naomba na mimi ukoko."

"Mgeni hapewi ukoko. Ni wa watoto wa nyumbani." Mama akamtupia mwiko. "Sasa unaomba nini, wewe? Kagombanie! Wenzako wanaumaliza!"

Nasike aliruka. "Sogea, kaka!"

"Loo, mdogo wetu huyu ana fujo!" mzee mmoja akaangua kicheko.

Mchungaji alipoanzisha "Baba yetu", Nasike aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, mdomo umejaa, masizi mashavuni. Mlangoni, kuku alikuwa amekalia kile kiti cha mgeni.