Mstari wa Chokaa Uani

Mpaka mpya wa majimbo ulipita katikati ya ua wa mwalimu mstaafu: nyumba kubwa ikabaki kusini, jiko kaskazini. Niliuchora mwenyewe kwa chokaa, na kuku wakaukanyaga papo hapo.

Mwalimu alikuwa mgombea wa kusini. "Mcheza kwao hutunzwa, karani," akasema. "Tuandike kusini, mimi na mama watoto. Kura mbili za kuanzia."

"Mtu hupiga kura anakolala," nikamkumbusha, nikamwandika. Kisha nikamgeukia mkewe, aliyekuwa akipepeta maharage. "Na wewe, mama?"

"Kaskazini."

Mwalimu akacheka, peke yake. "Acha utani mbele ya mgeni."

Mama akaweka ungo chini, akauvuka mstari bila kuukanyaga, akasukuma mlango wa jiko. Ndani, kando ya kuni, kulikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na mto mmoja, foronya yake imeshika masizi.

"Tangu lini?" nikauliza, maana fomu inataka angalau miezi sita.

"Mwaka wa tatu huu, mwanangu," akasema. "Muulize mgombea."