Kikapu Kisichoisha

Safu tatu zilikuwa zimefumuliwa tena.

Bibi Tomie alikigeuza kikapu, akakitazama chini, akakitazama juu, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Sayoko, umewahi kuona panya anayefumua mwanzi bila kuutafuna?"

"Mama, kama unataka kusema ni mimi, sema."

"Sijasema. Nimeuliza habari za panya."

Sayoko alichukua beleshi. Alikuwa na theluji ya kuzoa mlangoni, nguo za watoto za kuanika, na mama mkwe aliyekuwa akimtazama kwa jicho la pembeni tangu mwaka mpya. Yeye na mianzi walikuwa hawajuani kabisa.

Kikapu kilikuwa cha Mwalimu Nerys. Alitoka Wales kuja kufundisha Kiingereza katika shule ya kijiji chao cha milimani, akaishia kupenda kila kitu kinachosukwa, kushonwa au kufumwa. Tandiko la baiskeli yake lilivaa sweta. Watoto walijifunza majina ya rangi kwa kushika nyuzi, na kuhesabu kwa kushona vifungo. Jioni alikaa kwenye stoo ya Bibi Tomie, fundi wake wa vikapu, akisuka mwanzi hadi vidole vikamtoka damu.

Sasa ofisi ya elimu ilimtaka mjini, katika shule kubwa, kuanzia Aprili. Kilichomzuia ni kikapu tu. Pale milimani mwanafunzi hamwachi fundi wake huku kazi yake ya kwanza iko nusu. Ni kumtia fundi aibu mbele ya kijiji kizima. Ofisi ililijua hilo, ikangoja kwa adabu. Kikapu kikiisha, Nerys anaondoka.

Bwana Inagaki wa ofisi hiyo alipita kila asubuhi na gari lake dogo jeupe, akipeleka barua za shule. Asubuhi iliyofuata alisimama kama kawaida.

"Kimefika wapi?"

"Kilipokuwa wiki iliyopita," Bibi Tomie alisema. "Kunywa chai."

"Mkuu wangu ananiuliza kila siku, Bibi. Nimwambie nini? Panya?"

"Mwambie panya wa huku wamesoma."

"Hata binti yangu Honoka atalia Mwalimu akienda. Mwaka mzima yule mtoto hakufungua mdomo darasani, sasa hata mezani hatupati nafasi ya kusema. Lakini kazi ni kazi." Akala kiazi kitamu cha kuchoma, akaenda stoo kukikagua kikapu, akarudi akitikisa kichwa, akaondoka.

Kesho yake Sayoko aliamua kulisafisha jina lake. Alipowavusha watoto barabara, hakurudi ndani. Aliingia stoo, akajibanza nyuma ya matita ya mianzi, miguu ikimuuma kwa baridi.

Baiskeli ililia nje. Mwalimu Nerys aliingia, begi la shule mgongoni. Alikichukua kikapu, akafumua safu moja haraka, akazilaza vizuri chane za mwanzi kama mtu anayetandika kitanda.

Sayoko alikuwa anafungua mdomo amwite. Mara viatu vya mbao viligonga uani. Nerys akaruka nyuma ya matita na kumkalia Sayoko mapajani.

"Shh," Sayoko alimnong'oneza. "Huyo ni Mama."

Bibi Tomie aliingia, akaketi, akavaa miwani. Akafumua safu moja. Aliifumua vizuri, kwa raha, huku akiimba chini chini.

Sayoko akakohoa.

Wimbo ulikatika. Bibi Tomie hakugeuka.

"Kuna panya humo?"

"Wawili," Sayoko alisema. "Mmoja amesoma chuo kikuu."

Walitoka. Nerys alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Bibi, nisamehe. Safu moja tu. Kila asubuhi moja tu, nikienda shule. Mjini sitaki."

"Moja?" Bibi Tomie alivua miwani. "Na mimi moja. Ungeondoka, nani angenisikiliza wakati wa kuchana mianzi? Huyu?" Akamnyooshea Sayoko kidole.

"Huyu uliyemwita panya mwezi mzima," Sayoko alisema. "Nadai samahani yangu, Mama. Nitaipokea na chai."

"Utaipata. Kwanza niambie. Zinafumuka tatu. Mwalimu moja, mimi moja."

Wote wawili walimtazama Sayoko.

"Msinitazame hivyo. Mimi hata sijui mnaanzia wapi."

Gari lilisimama nje. Wote watatu waliutambua mlio wake, na wote watatu walikiona kikapu sakafuni, chane zikining'inia. Bibi Tomie, mwenye miaka themanini na goti bovu, ndiye aliyefika wa kwanza nyuma ya matita.

"Sogea," alinong'ona. "Mwalimu, ficha begi lako."

Bwana Inagaki aliita mara moja uani. Hakuna aliyejibu. Akaingia stoo, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama kidogo akisikiliza. Kisha akavua glavu, akaketi pale pale alipokuwa ameketi Bibi Tomie, akakipakata kikapu, akatafuta ncha ya uchane na kuanza kuifumua safu ya tatu, taratibu, asiuvunje.