Safari ya Kumsamehe Ismael

Theopista alipiga magoti mkekani. Kwa Wahaya mtoto ndiye anayempigia mkubwa magoti. Leo mama mtu mzima, mwenye mvi, goti chini mbele ya kijana rika la mwanawe, tena kijana aliyefungwa kwa kuchoma kanisa.

"Mama Avit, inuka," jirani yake Kokugonza alimnong'oneza. "Hata unyenyekevu una kipimo chake."

Hakuinuka.

Walikuwa watatu kutoka kijiji cha Ijumbi, wamefika Bukoba mjini asubuhi hiyo na mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna, maana watu hawapatani midomo mitupu. Aliyewaongoza ni Ildefons, katekista. Walikuja kumsamehe Ismael, aliyetoka gerezani wiki iliyopita baada ya miaka minne. Mama yake, Bi Hafidha, aliwatandikia mkeka, akaketi pembeni.

Safari yenyewe aliidai Theopista. Kigango chao, kanisa dogo la kijiji, kilipoungua, miaka ile makanisa yalipokuwa yakichomwa huku na huku, watu walimkamata Ismael, wakampiga mpaka mguu ukavunjika. Theopista ndiye aliyejitupa juu yake akipiga kelele: "Msimuue! Kristo aliwasamehe waliompigilia misumari!"

Tangu hapo alifunga kila Ijumaa. Kila mwezi alipeleka chakula gerezani. Kisimani wanawake walimcheka: "Anamnenepesha adui." Baadaye wakaacha kucheka. Padri akamtaja kwenye mahubiri kama mfano, na siku hiyo Theopista akatoka nje kabla ya komunyo. Tangu moto ule, miaka minne, hajaipokea. Anasema hastahili. Watu wakasema, huyo ni mtakatifu anayetembea.

"Mwanangu Ismael," Ildefons alianza, "tumekuja kukusamehe."

"Kwa lipi, mzee?"

Kokugonza akafyonya. "Haya, tumeanza! Kwa lipi? Kwani kigango kiliungua kwa jua?"

"Nilikuwa napita na baiskeli, nakwenda kununua kahawa kama kila siku. Nikaona moshi, nikakimbilia kuzima."

"Mwizi wa kuku ndiye anayeongoza kumtafuta kuku," alisema Kokugonza. "Na Avit alikuwa kwenye zamu ya ulinzi, akakuona kwa macho yake. Avit, mtoto wa kutumikia altareni! Akusingizie ili apate nini?"

Ismael aliutazama mguu wake. "Huyo Avit yuko wapi siku hizi?"

"Kisiwani Goziba, anavua," Ildefons alijibu. "Hata Krismasi harudi. Moto ule ulimuumiza moyo." Akakohoa. "Sikiliza, kijana. Ukikiri, tunatafuna kahawa, yamekwisha, unarudi Ijumbi kwenye biashara yako. Usipokiri, hakuna atakayekuuzia hata punje moja. Sisi hatuwezi kusamehe hewa."

Bi Hafidha akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mguu wake mmeuchukua. Miaka yake minne mmeichukua. Sasa mnataka na jina lake?" Akamgeukia Theopista. "Mama Avit, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nawe una mwana. Waambie wamwache."

Theopista alifungua kiganja. Rozari ilikuwa imemwachia alama nyekundu.

"Waitu, tafadhali, Ismael," alisema hatimaye. "Usibishane nao. Tuyamalize leo, mwanangu. Nimechoka."

Ismael alimgeukia.

"Dada zangu mwenyewe walichoka kuja gerezani," alisema. "Wewe hukuchoka. Mvua inanyesha, wewe huyo na kikapu chako. Nilikuwa nakaa najiuliza, huyu mama ana moyo wa namna gani?" Akamwinamia. "Kwa ajili yako tu, mama. Nakiri. Nilichoma mimi. Nisamehe."

Bi Hafidha alijifunika uso kwa ushungi. Kokugonza akapiga vigelegele, Ildefons akaanzisha wimbo wa shukrani, na kahawa ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Ismael, akaitafuna akiwa ameinamisha kichwa.

Theopista alimkumbatia miguu, akalia mpaka Kokugonza akaogopa.

"Mwacheni," alisema Ildefons. "Hayo ni machozi ya furaha."

Theopista hakuusikia wimbo. Alikuwa akimsikia Avit alfajiri ile, amesimama mlangoni, nyusi zimeungua: "Mama, niliwasha moto mle kigangoni nikaange senene, ukanishinda." Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, tulivu kabisa: "Nyamaza. Sema ulimwona yule Mwislamu wa kahawa."