Makala Mia Tatu za Cherehani

Naapa, haya ni kweli tupu, hata chumvi sijatia. Bwana Shamte aliandika mtandaoni makala mia tatu kuhusu kutengeneza cherehani, na watu wa nchi saba wakamwita bingwa. Asubuhi moja Mwanaidi, mshonaji ambaye Shamte hakumjua, akaitua cherehani yake mezani kwa bingwa huyo.

“Fundi, imegoma. Jumatatu shule zinafunguliwa, nami nina sare arobaini za watoto wa watu. Nisipozimaliza, sina mteja tena.”

Shamte akachukua bisibisi, akaigeuzageuza.

“He! Mbona umeishika kama kijiko cha uji?” Mwanaidi akacheka, kisha akamtazama usoni. “Kumbe hujawahi kufungua hata moja!”

“Hata moja. Nilisoma tu, nikaandika.”

Alisema hivyo bila aibu wala huzuni, kama mtu anayetaja saa. Akaingia chumbani, akarudi na cherehani ya marehemu mkewe.

“Chukua hii. Inashona.”

Mwanaidi akaifunua. Chini ya sindano kulikuwa na mkono wa shati la kiume, umeshonwa nusu, uzi ungali sindanoni.

“Baba,” akauliza polepole, “nikate uzi?”

Shamte akanyoosha mkono wake mezani, kando ya ule wa shati, kama anayepimwa. “Usikate. Umalizie kwanza; alikuwa akinishonea mimi.”